Rozari ya Kusugulia Mtutu

Mwaka huu, mvua zilipoanza, nilipita Ifakara nikielekea Mchombe kutafuta mpunga wa ghalani. Nasema nilipita kwa sababu sikushuka. Basi lilisimama stendi, wenzangu wakashuka kununua maji na mahindi ya kuchoma, mimi nikabaki kwenye kiti nikitazama pikipiki zinavyogombania abiria. Kutoka Kidatu tulikuwa tumeteleza juu ya lami, hata usingizi haukupata nafasi ya kukolea. Nilikuwa nimejiandaa, unajua mtu anavyojiandaa kabla ya kuingia kwenye msiba, nikasema nikiiona njia ya kwenda Katindiuka, kwa bibi yangu, pengine machozi yatanitoka. Niliiona. Hayakutoka. Nikafungua soda.

Kilichonishika kilikuwa Mchombe, nyuma ya mashine ya kukoboa. Pale pumba humwagwa na kuchomwa, na lundo likishaungua siku mbili tatu hubaki majivu ya kijivu, laini kama unga, lakini ukiyabana kati ya vidole yanakwaruza. Mama mmoja muuza chai alichota kiganja, akachanganya na mchanga kidogo, akaanza kusugua sufuria. Kwaruu, kwaruu. Kikombe kilinipoa mkononi.

"Majivu mazuri haya," nikamwambia.

"Mazuri ya nini, kaka? Ya sufuria tu."

"Hata ya bunduki."

Akanitazama kama unavyomtazama mlevi wa asubuhi, akazivuta sufuria zake karibu. Sikumlaumu. Sasa ngoja nikueleze wewe, maana yule mama hakuwa na nafasi.

Njia hiyohiyo ya Kidatu mpaka Ifakara, mara ya kwanza ilinichukua siku tatu. Nilikuwa na miaka kumi. Mama yangu tulikuwa tumemzika wiki mbili kabla, na baba, ambaye alikuwa mkata miwa, alisema kambi ya wakata miwa si mahali pa kulea mtoto. Akanipakia kwenye basi pamoja na sanduku la bati na godoro lililokunjwa, tukaondoka kwenda kwa bibi mzaa mama. Ilikuwa masika. Basi lilizama kwenye tope mara ya kwanza kabla hata hatujafika Mang'ula, na baada ya hapo nikaacha kuhesabu. Wanaume walishuka kusukuma, wanawake walishuka kucheka wanaume, kuku wa mama mmoja akataga yai chini ya kiti, na yai lile likagombaniwa kuliko kiti chenyewe. Siku ya tatu tulimaliza safari kwa miguu, baba na sanduku kichwani, mimi na godoro, na maji ya barabarani yakitufika magotini.

Kabla sijamwona bibi nilimsikia. Nyuma ya nyumba kulikuwa na sauti: kwaruu, kimya, kwaruu, kimya, na katikati yake mtu akisali polepole. Tukazunguka. Mwanamke mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, alikuwa amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, akisukuma ufito ndani ya bomba la chuma lililoegemezwa kwenye panda la mti. Hakugeuka mpaka alipomaliza sala yake.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mume wangu," akajibu. "Umechelewa. Nimekupikia tangu juzi."

Kazi ya bibi ilikuwa kusugua mitutu ya magobore. Siku hizo bonde lile lilikuwa na wakulima wenye magobore ya kibali, bunduki za kushindilia baruti kwa mbele, za kufukuzia nguruwe pori, viboko na nyati kwenye mpunga. Mitutu yenyewe ilikuwa ya zamani. Kutu ya masika na masizi ya baruti viliifanya ndani iwe na mabonde na vilima, na risasi ikipita humo inatoka ikiyumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Ukilisugua lile bomba mpaka likawa laini kama koo la mtungi, risasi inakwenda inakotumwa. Kazi hiyo alikuwa akiifanya babu. Babu alipokufa, wanaume walisema bunduki haishikwi na mwanamke, wakakaa na kutu zao msimu mmoja, nguruwe wakala mpunga, msimu wa pili wakaja mmoja mmoja wakipitia nyuma ya nyumba.

Alifanya hivi. Anautoa mtutu kwenye mti wake wa kushikia, anafungua kizibo cha nyuma, unabaki bomba lililo wazi pande zote. Anauweka kwenye panda, nyuma juu, mdomo chini. Ufito ulikuwa wa mkole, umezungushiwa kitambaa kilicholowa mafuta ya ufuta, na juu ya kitambaa anapaka mchanga wa mto uliochekechwa kwa kitenge. Baadaye mchanga unapumzishwa, yanaingia majivu ya pumba. Kipimo chake kilikuwa rozari. Salamu Maria moja, kusukuma mara moja na kuvuta mara moja. Tendo moja lina Salamu Maria kumi, na rozari nzima ina matendo matano. Mchanga matendo matatu, majivu matendo mawili, kisha unafuta, unatazama, na kama haijatosha unaanza rozari nyingine. Alikuwa na rozari mbili. Ya kanisani ilikuwa ya kununua. Ya kazi alikuwa ameitunga mwenyewe kwa mbegu nyeusi, na mafuta ya ufuta yalikuwa yameifanya ing'ae. Akikatishwa katikati, aliining'iniza kwenye msumari wa panda kwa punje ile aliyoishia, ili akirudi asidanganyane na chuma.

Na alikuwa na sheria moja kuliko zote: ufito unaingilia nyuma, hauingilii mdomoni. Nyuma ni kazi, kwa sababu kuna meno ya kizibo yanayonasa kitambaa, inabidi uupitishe ufito kwenye kipande cha mwanzi. Mdomoni ni rahisi, unaingia tu. Lakini ufito ukiingilia mdomoni unayumba, unaula ukingo upande mmoja. "Mdomo ndio wa mwisho kuigusa risasi," alikuwa akisema. "Basi wewe usiuguse."

Mwaka wa kwanza niliruhusiwa kuchekecha mchanga. Mwaka wa pili nilipanda kwenye kinu. Nilikuwa na mikono mizuri, alisema, mikono ya babu yangu. Mpaka leo nikifumba macho naikumbuka ile harufu: ufuta, kutu, moshi wa kambale anayekaushwa juu ya meko, na udongo wa Katindiuka ukianza kupata mvua. Jioni tulikula wali na mchuzi wa perege, na mwezi wa tano mpunga ukianza kukomaa tulitwanga pepeta, mpunga mbichi uliokaangwa ukapondwa bapa, ukila unasikia shamba zima mdomoni. Nilikuwa nimemsahau mama kwa siku nzima nzima. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mwenye gobore lililokuja mara nyingi kuliko mengine alikuwa jirani yetu, Mndamba mrefu aliyezaliwa mvuvi, akawa mkulima kwa sababu ya watoto. Shamba lake lilikuwa ng'ambo ya mto, kule ambako familia zilihamia msimu mzima na kulala kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti ili maji yapite chini. Yeye na bibi, ambaye alikuwa Mpogoro wa Mahenge, walitaniana tangu geti mpaka mlangoni.

Ijumaa moja ya Kwaresma bibi alikuwa na mtutu wake kwenye panda. Jirani alipaswa kuuchukua jioni ileile, kwani kesho yake alfajiri angevuka na kivuko. Nyati dume mzee aliyefukuzwa na wenzake alikuwa ameanza kuingia kwenye mpunga wao. Saa tisa bibi akavaa kitenge cha kanisani kwenda kwenye Njia ya Msalaba.

"Mume wangu, nimeupiga rozari moja. Imebaki moja ya mwisho. Unaiweza?"

"Naiweza."

"Nyuma, si mdomoni."

"Najua, bibi."

Nilipanda kwenye kinu, nikaanza vizuri. Sijamaliza hata Salamu Maria kumi, nikasikia watoto wakipiga kelele barabarani: "Kambale! Kambale wamepanda!" Wewe kama hukukulia kule hujui maana yake. Maji ya mafuriko yakifika barabarani, kambale wanatoka mtoni na kutambaa kwenye tope, unawaokota kwa mikono kama kuni. Yanatokea siku chache tu kwa mwaka, na hayangoji rozari.

Kitambaa kikanasa kwenye meno ya kizibo. Nikakivuta, kikanasa tena. Basi nikautoa mtutu kwenye panda, nikausimika chini mdomo ukiwa juu, nikakaa juu ya kinu, nikauingiza ufito mdomoni, nikawa natwanga kama anayetwanga kisamvu. Salamu Maria zilikuwa zinatoka nusu nusu. Nilimaliza matendo matatu ya mchanga. Majivu sikuyagusa. Nikafuta, nikafunga kizibo, nikaurudisha mtutu kwenye mti wake, nikaitundika rozari msumarini, nikakimbia.

Nilirudi na kambale watatu, mmoja urefu wa mkono wangu. Bibi alikuwa amesharudi na jirani alikuwa amefika.

"Mtani, bunduki yangu imepona?"

"Imepona. Mgonjwa ni wewe, unanuka samaki."

"Nanuka samaki kwa sababu nakula. Ninyi wa milimani mnanuka moshi mtupu."

"Leo utaula huo moshi. Mume wangu ameleta kambale."

Tukala. Kwa kawaida kabla bunduki haijaondoka walikuwa wanaijaribu, risasi moja kwenye kibuyu juu ya kichuguu kilichokuwa upande wa pili wa shamba. Jirani akanawa mikono, akasimama.

"Tujaribu moja, mtani."

"Leo? Ijumaa ya Kwaresma? Baruti hailii nyumbani kwangu siku aliyokufa Bwana."

"Bwana mwenyewe anajua nina nyati shambani."

"Anajua. Ndiyo maana atakulinda bila kelele." Kisha akanigeukia. "Mume wangu, matendo mangapi?"

"Matano, bibi."

"Kama ni matano," jirani akasema, "hii sasa inampiga hata shetani jichoni." Akanipiga begani, akaondoka na bunduki yake akipiga mluzi.

Habari zilikuja siku kama kumi baadaye, zimeletwa na mtu wa kivuko. Kulipopambazuka nyati alikuwa katikati ya mpunga. Jirani alimsogelea karibu, hatua thelathini, umbali ambao alikuwa hakosei. Alilenga nyuma ya bega. Risasi ikaenda kushoto, ikampiga nyati kwenye tumbo. Gobore halina risasi ya pili, mpaka ushindilie tena. Nyati alimrusha mara mbili, kisha mke wake na watu wa madungu ya jirani wakamfukuza kwa kupiga madebe. Walimleta Ifakara kwa mtumbwi. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti.

Tulikwenda hospitali na uji kwenye chupa ya chai. Nilimsalimia. Alikuwa amepungua, lakini mdomo ulikuwa uleule.

"Marahaba, fundi mdogo. Mtani, mguu mmoja umetangulia kuzimu kunishikia nafasi. Ukifika kabla yangu usiukalie."

Bibi alicheka, kisha akashika ukingo wa kitanda kwa muda mrefu. Mke wa jirani alikuwa amekaa sakafuni. Hakucheka na hakutusalimia.

Bunduki ililetwa kwetu siku iliyofuata. Bibi alifungua kizibo, akaunyanyua mtutu kuelekea mbinguni, akatazama kwa nyuma, kisha kwa mbele. Akapitisha kidole chake kidogo kwenye ukingo wa mdomo, akakizungusha taratibu, kikasimama mahali fulani. Akakizungusha tena, kikasimama palepale. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo. Alinyanyua macho, lakini hakunitazama mimi. Alitazama msumari wa panda. Rozari ya mbegu ilikuwa inaning'inia pale tangu ile Ijumaa, hakukuwa na kazi nyingine katikati. Mkono wangu ulikuwa umezoea. Mdomo wangu ulisema matano, mkono uliitundika mwisho wa tendo la tatu.

Nilingoja aniulize. Ningesema, nadhani ningesema. Hakuuliza.

Jumapili baada ya misa alisimama mbele ya watu wa jumuiya yetu, akasema macho yake yamezeeka, yeye ndiye aliyeharibu mdomo wa ile bunduki, na yeyote mwenye mtutu wake kwake aje auchukue. Wakaja, safari hii kwa mlango wa mbele. Kisimani nikasikia wanawake wakisema kazi ya kiume ilikuwa lazima imshinde siku moja. Niliweka ndoo yangu kwenye foleni. Moyo haukunidunda, uso haukunichoma. Ilikuwa kama wanazungumza habari za watu wa mkoa mwingine. Hali hiyo iliniingia siku hiyo na haijatoka, nimeizungusha Chunya kwenye machimbo, Tunduma kwenye maduka ya vitenge, na miaka sita ya utingo kwenye malori, haijatoka.

Jioni ile bibi akaichukua rozari ya mbegu, akaketi jikoni, akaniita.

"Tendo la nne," akaanza. "Yesu anachukua msalaba."

"Bibi, la kwanza je?"

"Hayo matatu yameshasaliwa."

Tulisali la nne na la tano. Alipomaliza alikaa kimya akiwa ameshika rozari, kama anayemngoja mtu aliyechelewa. Kisha akaitundika, akapakua wali. Kesho yake hivyohivyo. Keshokutwa hivyohivyo. Kila jioni, miaka miwili na zaidi, sala ya nyumbani kwetu ilianza na tendo la nne, na kila jioni baada ya tendo la tano kulikuwa na ule ukimya, na ukimya ule ulikuwa wangu. Alikuwa ameniachia mlango wazi. Hakuusukuma hata mara moja.

Kila Jumamosi nilikwenda kupalilia kwa jirani, ambaye sasa alilima kishamba cha karibu na nyumbani. Hakuna aliyenituma. Yeye aliketi kwenye kiti na magongo yake, akinitania kwamba napalilia kama mtu anayetekenya ardhi. Mkewe alianza kunipa maji ya kunywa mwaka wa pili. Lakini yeye hakumsalimia bibi mpaka bibi alipougua.

Leo vitu vile havipo. Magobore yalikusanywa, mengine yakasalimishwa, mengine sijui. Kivuko kimepisha daraja. Sheshe, wale swala wa bondeni, waliokuwa wakichungulia kwenye majani kama mbuzi wa jirani hawaonekani, na nyati watoto wa kule wanawajua kwa picha. Kijana anayeuza vocha pale stendi ukimwambia kulikuwa na mwanamke aliyenyoosha risasi kwa Salamu Maria na majivu ya pumba, atakuuliza unauza nini. Bibi alikufa nikiwa Chunya. Taarifa ilinifikia siku ya arobaini. Nyumba ilibomoka yenyewe.

Siku niliyoondoka ilikuwa mwezi wa tano. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nimechaguliwa kwenye chaguo la pili kwenda sekondari Morogoro, na baba aliandika kwamba baada ya hapo nitakaa kwake. Basi lilikuwa la asubuhi. Jirani alikuja kwa magongo mpaka barabarani, jasho likimtoka.

"Nenda, fundi mdogo. Ukirudi nitakuwa nimepunguza tena, utanikuta kichwa tu."

Bibi alinipa pepeta kwenye kitambaa kilekile cheupe cha kichwani, bado ya moto. Nikapanda, nikakaa dirishani. Alisimama chini yangu, akaitoa rozari ya mbegu mfukoni, ingawa jua lilikuwa limetoka tu na sala yetu ilikuwa ya jioni. Akashika punje yake. Hakuanza. Akanitazama, safari hii mimi mwenyewe. Jirani alikuwa hatua mbili nyuma yake. Wote wawili walikuwa pale, na dirisha lilikuwa wazi.

"Bibi."

"Nakusikia, mume wangu."

Kondakta alipiga bodi ya basi kwa kiganja. Nikaitazama pepeta mapajani.

"Hii pepeta inatosha mpaka Morogoro."

Akatikisa kichwa taratibu, kukubali. "Inatosha," akasema. Kisha akainamisha uso. "Tendo la nne."

Nikamwitikia kupitia dirishani. Basi liliondoka tukiwa kwenye Salamu Maria ya sita.